Risala ya wahitimu wa mafunzo ya kompyuta kwa Mgeni Rasmi: umeme wa vyumba vya seva jijini Mwanza

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Mkuu wa Chuo,
Walimu wetu, wazazi, walezi na waajiri mliofika hapa Nyegezi,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Ndugu Mgeni Rasmi, asante kwa kuitikia mwaliko wetu. Risala nyingi za mahafali huomba kompyuta. Sisi tumeona tutumie nafasi hii kuzungumzia zile ambazo ofisi za jiji letu zinazo tayari, hasa seva, yaani kompyuta kuu zinazohudumia kompyuta nyingine za ofisi, na umeme zinaoula bila kufanya kazi. Jambo hili tumelikuta wenyewe kwenye mafunzo kwa vitendo.

Shirika la Kimataifa la Nishati linakadiria kuwa mwaka 2024 vituo vya data duniani, yaani majengo yaliyojaa seva, vilitumia umeme wa terawati-saa 415 hivi (uniti bilioni 415), kama asilimia 1.5 ya umeme wote uliotumika duniani. Bwawa letu la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115. Lingezalisha kwa nguvu zake zote mwaka mzima lisipumzike, tungehitaji mabwawa zaidi ya 22 ya namna hiyo kufikia kiasi hicho. Na matumizi yanazidi kupanda.

Ndugu Mgeni Rasmi, chumba cha seva cha kampuni ya kawaida hapa Mwanza ni kidogo tu: kabati moja au mawili nyuma ya ofisi ya uhasibu, UPS (kifaa chenye betri ya kushikilia umeme unapokatika) chini, na kiyoyozi ukutani kinachonguruma usiku na mchana. Umeme ukiingia humo hupita kwenye UPS, nayo hupoteza kidogo. Hupita kwenye pawa saplai, kifaa kinachoubadili umeme ufae ndani ya seva, nayo hupoteza. Ule unaofika kwenye kichakataji, ubongo wa kompyuta, hugeuka joto karibu wote, na joto hilo hutolewa na kiyoyozi kwa umeme mwingine. Kwa hiyo kila uniti inayopotea ndani ya seva tunailipia tena kwenye kiyoyozi.

Wataalamu wana kipimo chepesi cha hali hii. Unachukua umeme wote unaoingia kituoni, unaugawa kwa ule unaotumiwa na mitambo ya kompyuta peke yake. Jibu likiwa 2, maana yake kila uniti inayofika kwenye kompyuta imeandamana na uniti nyingine nzima ya kupoza na upotevu. Vituo vikubwa vya Google vina wastani wa 1.1 hivi. Vyumba tulivyovihudumia sisi havina jibu lolote, kwa sababu seva, taa, feni za mapokezi na birika la chai vyote viko kwenye mita moja.

Halafu kuna hili la baridi. Tumeingia vyumba ambavyo kiyoyozi kimewekwa nyuzi 16 na fundi anavaa sweta, wakati ASHRAE, chama cha wahandisi wa majokofu na viyoyozi chenye makao yake Marekani, kinapendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Mara nyingi shida iko kwenye mpangilio. Kiyoyozi kinapuliza mgongoni mwa kabati, kule joto linakotokea, hewa ya moto na ya baridi zinachanganyika, seva zinavuta vuguvugu, na mtu anashusha tena rimoti. Kugeuza kabati, kuziba mianya kati ya seva na kuondoa maboksi yanayozuia hewa ni kazi ya Jumamosi moja, wala haihitaji zabuni.

Kinachotuuma zaidi ni seva zisizo na kazi. Mwaka 2007 wahandisi wa Google, Luiz Barroso na Urs Hölzle, walionyesha kuwa seva nyingi hutumika kwa asilimia 10 hadi 50 tu ya uwezo wake, na kwamba hata iliyo nzuri, ikikaa bure, hula karibu nusu ya umeme inaoula ikiwa na kazi tele. Seva ya wati 200 ikiwaka mwaka mzima inakula uniti 1,752, kabla hujahesabu kiyoyozi. Tumekuta seva ambayo aliyeifunga alishahama, mfumo wake hautumiki, na hakuna anayethubutu kuizima. Woga huo tunauelewa. Chomoa kwanza waya wa mtandao, subiri mwezi mmoja uone nani atalalamika, hifadhi nakala ya data, ndipo uzime. Zile zenye kazi ndogondogo zinaweza kuhamishiwa ndani ya seva moja iliyogawanywa kwa programu kuwa mashine pepe kadhaa, kila moja ikifanya kazi kama seva inayojitegemea. Hospitali na benki lazima ziwe na seva ya akiba inayowaka muda wote, na hatuombi waiguse.

Kompyuta za mezani nazo: 50 zikiachwa zinawaka saa 14 za usiku, kila moja ikila wati 50, ni uniti 35 kwa usiku mmoja. Picha zinazocheza kwenye skrini haziokoi chochote.

Tumeulizwa mara nyingi kwa nini tusitumie maji ya ziwa kupoza. Ni swali zuri. Jiji la Toronto hupoza majengo kwa maji ya Ziwa Ontario yanayovutwa kutoka kina cha mita 83, yakiwa na nyuzi 4 hivi. Ziwa Victoria, hata pale penye kina kirefu kabisa, cha mita 80 hivi, maji yake hayashuki chini ya nyuzi 20. Ongeza magugu maji kwenye mdomo wa bomba, na kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria. Kwa chumba chenye makabati mawili, haifai. Tunachoweza kutumia ni hewa ya usiku, kwa kuwa Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na usiku wake una ubaridi ambao Dar es Salaam haiujui. Lakini feni ya kuvuta hewa hiyo iwe na chujio zuri, maana wadudu wa ziwani wakitanda kama moshi watajaa ndani ya seva.

Ndugu Mgeni Rasmi, anayenunua seva ni mtu wa TEHAMA, anayenunua umeme wa LUKU ni mhasibu, na hawa wawili hawajawahi kukaa meza moja kulizungumza hili. Ombi letu kubwa, kwako na kwa waajiri wenzako, ni mita ndogo ya pembeni kwa kila chumba cha seva, na usomaji wake umfikie mtu wa TEHAMA kila mwezi. Mnaponunua mashine mpya, ulizeni inakula wati ngapi ikiwa haina kazi. Na wadogo zetu watakapokuja kwenu kwa mafunzo, wapeni kazi ya kupima chumba hicho kabla ya kazi nyingine yoyote. Walimu wetu wamekubali kuwafundisha namna ya kupima.

Tunaomba kuwasilisha.