Barua kwa vijana wanaofufua viumbe waliotoweka

Wanangu na wajukuu zangu mnaoandika hadithi za sayansi ya kubuni kwa Kiswahili,

Salaam sana. Mimi ni mzima, macho tu ndiyo yananisumbua, kwa hiyo miswada yenu imenichukua tangu mfungo mosi hadi juzi. Nimeisoma yote, ukurasa kwa ukurasa. Nimefundisha biolojia zaidi ya miaka thelathini hapa Tanga, na furaha niliyoipata kuona vijana wakibishana juu ya nyota na sayari kwa lugha ninayomtuma nayo mjukuu dukani, sina namna ya kuieleza.

Ila kuna jambo linalonikera. Katika miswada mitano, jamii ya viumbe wa sayari ya mbali iliyotangazwa kuwa imetoweka inarudi, na mara zote inarudi vilevile: sura ya tisa au ya kumi, mlango wa chombo unafunguka, hao hapo, na majeshi yao. Baadhi yenu mmeniuliza kama jambo hilo laweza kuaminika au ni ujanja wa mwandishi aliyekwama njiani. Naona niwajibu wote kwa pamoja.

Laweza kuaminika. Mimi nimemgusa kwa mikono hii kiumbe aliyekwisha kuandikiwa kifo.

Ilikuwa Kigombe, miaka ishirini hivi iliyopita. Wavuvi walitega jarife kwenye maji ya kina wakitafuta papa, asubuhi wakapandisha samaki wasiyemtegemea. Nilimkuta amelazwa mchangani, ameshakata roho. Rangi yake ya buluu ilikuwa imeanza kugeuka kahawia, lakini madoa meupe bado yalionekana. Nilichopiga magoti kukitazama ni mapezi. Hayakuota bapa ubavuni kama ya changu au kolekole, yalitoka juu ya vikonyo vya nyama, mfano wa mikono mifupi. Nilipomshika, mafuta yake yaliniganda viganjani na sabuni ya kwanza haikuyatoa. Huyo ndiye silikanti.

Kwa muda mrefu wataalamu walimjua kwa visukuku tu, yaani alama zake ndani ya mawe, na alama hizo zinakoma katika mawe ya takriban miaka milioni 66 iliyopita. Wakahitimisha kwamba alikufa zama za dinosaria. Kisha tarehe 22 Desemba 1938 meli ya uvuvi ikamleta mmoja katika bandari ya East London, Afrika Kusini, na Marjorie Courtenay-Latimer, aliyekuwa akisimamia jumba dogo la makumbusho mjini pale, akamtambua kuwa si samaki wa kawaida. Profesa J.L.B. Smith akampa jina la kisayansi, halafu akahangaika miaka 14 kutafuta wa pili, akisambaza vipeperushi vyenye picha na ahadi ya pauni 100. Wa pili akapatikana Desemba 1952, Nzwani, katika visiwa vya Komoro.

Hapo ndipo nataka mtulie kidogo. Wavuvi wa Komoro hawakushangazwa na samaki. Walishangazwa na pauni 100. Wao walikuwa wakimvua mara mojamoja, wakimwita gombessa, na hawakumthamini sana kwa sababu nyama yake imejaa mafuta. Katika miaka yote ambayo vitabu vilimtaja kuwa marehemu, alikuwa na jina, na jina lilikuwa la lugha iliyo ndugu ya hii tunayoandikiana.

Kwa hiyo kabla hujafufua jamii yako, niambie nani alitangaza kifo chake na alikuwa amesimama wapi alipotangaza. Mmoja wenu ameandika juu ya Baraza la Sayari Saba linalotoa tamko kwamba viumbe fulani wamekwisha. Vizuri. Sasa Baraza lina macho mangapi? Halijafika wapi? Yuko wapi yule mama anayeuza chakula kwenye bandari ya mwisho kabisa, ambaye kila mwaka hununua chumvi kwa watu wapole wenye vidole sita na hajui kwamba watu hao walishatangazwa kutoweka? Mweke katika sura ya pili, apite tu, wala asieleze kitu. Msomaji akifika sura ya tisa atarudi nyuma mwenyewe na kusema, kumbe.

Halafu nataka kujua wamekuwa wakiishije. Silikanti hakujificha kwa miujiza. Mchana hukaa katika mapango ya miamba, mita 100 hadi 200 na zaidi chini ya maji. Usiku hutoka kuwinda akielea polepole, bila haraka, hatumii nguvu nyingi, kwa hiyo chakula kidogo humtosha. Utafiti uliotolewa 2021 ulionyesha kwamba anaweza kuishi karibu miaka 100, na mama hubeba mimba kwa takriban miaka mitano. Tazameni jinsi kila tabia inavyofuata nyingine: mahali penye giza, ulaji mdogo, uzazi wa taratibu, idadi ndogo. Maficho yamemuumba. Ndiyo maana siwaamini viumbe wenu wanaotoka kwenye maficho ya miaka elfu tano wakiwa na silaha mpya na mashavu yaliyojaa. Waliokaa muda huo mahali pa shida watatoka wamebadilika mwili, mwendo, na hata namna ya kusema.

Kuna mfano wa zamani wa kazi kama yenu ambao napenda kuutaja, kwa sababu mwandishi wake alibanwa kwelikweli. Ni Terry Nation, aliyeandikia mfululizo wa televisheni wa Uingereza uitwao Doctor Who. Mwishoni mwa 1963 aliwaleta Dalek, viumbe wanaoishi ndani ya magamba ya chuma katika sayari ya Skaro. Walitembea kwa umeme uliopita kwenye sakafu za chuma za mji wao, na hadithi ilipofika mwisho mapema 1964, umeme ulikatika wakafa. Watazamaji wakawapenda mno, wakatakiwa warudi mwaka uleule. Angefanyaje? Hakusema kwamba wachache walitoroka kwa mlango wa nyuma. Alimfanya mhusika wake mkuu aeleze kwamba kifo tulichokiona Skaro ni cha miaka milioni moja mbele, na hawa tunaowaona sasa ni wa zama za kabla. Katika hadithi yenye chombo cha kusafiri katika wakati, jibu hilo ni halali, kwa kuwa nyenzo ilikuwa ndani ya hadithi tangu siku ya kwanza. Na lile swali dogo hakulikimbia: mbali na sakafu za mji wao, walitembeaje? Wakaonekana na visahani migongoni vya kupokelea nguvu. Ninaposoma miswada yenu natafuta visahani hivyo.

Sasa idadi. Mswada mmoja una wawili waliobaki, mume na mke, na baada ya kurasa arobaini wameijaza sayari. Hapana, mwanangu. Tangu 1980 wahifadhi wana kanuni ya makadirio: wazazi 50 wanaozaana ili ukoo usidhoofike upesi kwa ndugu kuzaa na ndugu, na 500 ili udumu. Duma tunaowaona Serengeti waliponea chupuchupu maelfu ya miaka iliyopita, na hadi leo wamefanana kwa damu kiasi kwamba watafiti walipobandika ngozi ya duma mmoja kwa mwingine asiye nduguye wa karibu, mwili haukuikataa. Jamii yenye mfanano huo inaweza kufagiliwa na ugonjwa mmoja. Iandikeni hofu hiyo, ni nzuri kuliko vita.

Na wawili wakibaki kweli, nendeni Laikipia mkatazame. Faru mweupe wa kaskazini wa kiume wa mwisho, aliyeitwa Sudan, alikufa huko katika hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya, tarehe 19 Machi 2018. Wamebaki Najin na bintiye Fatu. Wanakula majani, wanalala juani, wana walinzi usiku na mchana, na hakuna dume wa kuwapanda. Wataalamu wamechukua mayai ya Fatu, wameyarutubisha kwa mbegu za madume waliokwisha kufa, na viinitete vimehifadhiwa katika baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri vikisubiri kubebwa na faru jike wa kusini. Wanaharakisha kwa sababu wanataka ndama azaliwe wakati wale wawili bado wapo, wamfundishe kuwa faru wa aina yao. Mwili unaweza kungoja ndani ya barafu. Malezi hayangoji.

Nimekuwa nikiyafikiria hayo kuhusu chura wa Kihansi pia. Mnamjua: mdogo, wa manjano, hafiki sentimita tatu, anazaa watoto badala ya kutaga. Aligunduliwa 1996 katika korongo moja tu la Udzungwa, akiishi kwa mvuke wa maporomoko. Bwawa la umeme lilipochepusha maji, mvuke ukakatika. Mwishoni mwa 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani kutunzwa katika bustani za wanyama. Kule korongoni, licha ya mabomba ya kunyunyizia maji, idadi yao ikaanguka, ugonjwa wa kuvu nao ukawaandama, na mwaka 2009 wakatangazwa kutoweka porini. Mwaka 2010 vyura 100 wakarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kurudishwa korongoni, chini ya ukungu unaotengenezwa na mabomba. Vizazi vilivyozaliwa ndani ya vioo vilirudi katika nyumba ya mababu ambayo mvua yake inafunguliwa kwa koki. Nani ameshaandika hivyo juu ya viumbe wa sayari nyingine? Sijamwona katika miswada yenu, na hadithi hiyo ni yetu.

Kuna njia nyingine, ya damu kuchanganyika. Wanianderthali, jamii ya binadamu wa kale, walitoweka takriban miaka 40,000 iliyopita, lakini karibu asilimia 2 ya urithi wa watu wengi wenye asili ya nje ya Afrika umetoka kwao. Wazee wa namna hiyo hawarudi kwa chombo, wanachungulia katika uso wa jirani. Njia hii inafaa hadithi fupi.

Wewe uliyeandika sura ya tisa yenye majeshi, usinikasirikie. Wako ndio mswada nilioupenda zaidi. Ukurasa wa 112 umemtaja kwa mstari mmoja mtoto wa kike aliyezaliwa ndani ya chombo, anayeulizia bahari inanukaje na hakuna mkubwa anayekumbuka. Ukamwacha ukaenda kwenye mizinga. Mimi nimekaa naye siku tatu. Niletee sura hiyo upya, unieleze nani alimlea, anamwitaje, na siku mlango ulipofunguka yeye alisimama wapi.

Babu yenu,
Tanga