Barua kwa mwanangu anayekwenda Shanga kwa miguu

Mwanangu Athmani,

Assalamu alaikum. Sisi wazima, alhamdulillahi. Dada yako ameniambia kwamba mwezi wa pili unakuja na wenzako wa kazini, na kwamba hamtakaa Amu (Lamu), mtavuka kisiwa cha Pate mtembee kwa miguu mpaka Siyu, mpitie magofu ya Shanga. Habari hii nimeipata kwake, si kwako. Haya.

Nikuulize moja tu: maji ya kunywa mtabeba kiasi gani?

Mwezi wa pili ni kaskazi. Vuli imekwisha kitambo, masika hayajafika, na kisiwa kile hakina mto. Watu hutegemea maji ya mvua yaliyoingia kwenye jabia, yaani birika la kuhifadhia maji, na msimu ule kila mwenye ndoo anaihesabu. Visima vipo lakini vingi vina chumvi. Ukinywa kikombe, kiu inazidi. Usiniambie mtapata njiani. Njiani ni minazi, vichaka na mashamba ya watu. Mwenye shamba hatakunyima, najua, na ndiyo maana naona haya kwamba kundi la watu wa Nairobi wenye mishahara wamalize mtungi wa mtu aliyeujaza kwa punda.

Boti ya Mtangawanda, gati la Pate, huondoka kwa kufuata maji, kwa sababu pale kwenye mlango mwembamba wa Mkanda hapapitiki bahari ikitoka. Nahodha ndiye atakayekwambia saa, si ratiba uliyoichapa ofisini. Mkishuka Mtangawanda jua la utosi, msianze safari. Nendeni taratibu hadi Pate mjini, mlale, mtoke alfajiri baada ya sala. Kutoka Pate hadi Siyu moja kwa moja ni kama saa mbili za mtu aliyezoea; mkizungukia Shanga, na wenzako wakisimama kupiga picha kila mbuyu, hesabu nusu siku. Kwa nusu siku kila mtu abebe chupa zake mwenyewe. Usijifanye hodari ukawabebea wote.

Pate yenyewe msiipite mbio. Ule ulikuwa mji wa Wanabahani, masultani wa zamani, na leo ndani ya magofu yao watu wamelima tumbaku. Utaona ukuta wa matumbawe umesimama peke yake, matundu ya boriti bado yapo juu, na chini yake majani mapana ya tumbaku yamepangwa safu hadi kizingitini. Lile si pori, ni shamba la mtu. Piga hodi, pitieni ukingoni, msikanyage miche. Mtu asipande ukuta wala asiokote kigae akakitia mfukoni; sheria ya makumbusho inakataza, na mimi pia nakataza. (Baba yako akianza habari za vita vya Shela na jinsi Waamu walivyowashinda Wapate, mwache amalize. Hamalizi, lakini mwache.)

Mchukueni mwenyeji. Ramani ya simu inachora mstari mnyoofu, na njia ile inazunguka kila ua wa shamba. Patana naye bei kabla ya kuondoka, umlipe mkononi, na umbebee maji yake pia.

Shanga ndiko ninakojua utatamba. Tamba, lakini sema la kweli. Mark Horton, mtaalamu wa mambo ya kale, alianza kuchimba pale mwaka 1980, wakakuta msikiti juu ya msikiti, wa chini kabisa ukiwa wa miti na udongo, wa karne ya 8. Mji ukahamwa karne ya 15, Mreno hajaonekana bado pwani hii. Makaburi ya mawe utayaona mengi, moja lina mnara. Wenzako watakuuliza habari za Wachina waliozama na kuoa huku. Waambie hayo husimuliwa Siyu, wakawaulize wenyewe, usiongeze chumvi. Mji ule ulikuwa na kisima chake katikati, lakini kisima cha watu wa kale hakitakunywesha wewe, kwa hiyo hapo chupa ziwe hazijapungua hata nusu. Nasema tena kwa sababu nakujua, ukisisimka husahau hata kula.

Siyu mtafikia kwa wajomba zako. Nimeshawapigia simu. Kwamba umefika umri huu hujalala hata usiku mmoja kwao, lina sababu zake, na si zote za baba yako, tuliache. Waonyeshe wenzako ngome, na viatu vya ngozi wanavyoshona bado. Waambie Bwana Mataka, mkuu wa Siyu, alivyomsumbua Seyyid Said, sultani wa Unguja, hata Siyu isishikike mpaka 1863, zama za Seyyid Majid. Wanawake mlio nao wajistiri mjini, na Ijumaa mchana msimsumbue mtu. Akishindwa mmoja kutembea, bodaboda zipo siku hizi, hakuna aibu.

Nimefurahi, usidhani sikufurahi. Wakubwa zako wa kazi wanafuata nyuma yako katika ardhi ya mama yako, wakati wengine hapa mtaani watoto wao wakija huishia Shela ufukweni. Nimewaambia majirani wawili watatu. Lakini mwaka mzima hukuniuliza hata swali moja juu ya njia ile, na mimi nimeitembea na kapu kichwani kabla hujazaliwa.

Nijibu basi: chupa ngapi kwa kila mtu? Usiandike "za kutosha".

Tangi la juu limepasuka tena upande ule ule, fundi ameziba kwa kitu kinachonuka na ametaka pesa kama aliyeuza tangi jipya. Dada yako ana mitihani, usimtumie picha za kuchekesha usiku. Mto wa kulalia wako nimeushona upya. Mpira wa jiko la gesi umechakaa. Ninunulie huko, mrefu, maana hapa wanauza mfupi na mtungi nimeuweka nje ya dirisha. Na vishikizo vyake viwili.

Mamako