Wazazi wa wanamieleka: tusomeni hii kabla ya msimu

Wazazi wenzangu, habari za leo. Msimu wa mieleka vyuoni hapa Marekani unakaribia, na kubwa kwetu ni uzito. Mwaka 1997 vijana watatu wa vyuo walifariki ndani ya takribani wiki tano wakijikausha maji ili wafikie uzito wa daraja lao la mashindano. Ndipo NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ikapiga marufuku sauna, suti za mpira na dawa za kukojoza.

Kabla ya kupangiwa uzito, kijana hupimwa mkojo kwanza. Kipimo cha uzito wa mkojo ukilinganishwa na maji kikizidi 1.020 mwili umekauka, na hapangiwi uzito siku hiyo. Mafuta ya mwili kwa wanaume yasishuke chini ya asilimia 5, na kupungua kusizidi asilimia 1.5 kwa wiki. Kwa mwenye kilo 70 hiyo ni kilo moja na ushee tu. Akikwambia kashusha kilo nne tangu Jumapili, hayo ni maji, na moyo na figo ndivyo vinavyolipa.

Kocha akimvalisha mtoto mifuko ya taka ndani ya nguo akimbie, andika tarehe, saa na waliokuwepo. Mpelekee mtaalamu wa tiba wa timu na ofisi ya michezo ya chuo, kwa maandishi. Kulalamika humu kundini peke yake hakusaidii.

Akigundulika mtikisiko wa ubongo, harudi mkekani siku hiyo, hata kama ni fainali. Mabaka ya ngozi yaonyeshwe mapema, yasifichwe kwa vipodozi.

Na wakumbusheni: ukimnyanyua mwenzio, kumshusha salama ni jukumu lako. Kumbwaga kwa nguvu ni faulo.