Kabla ya kuihukumu bia, uliza ilikokaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika Jumamosi iliyopita kwamba bia za kigeni zenye lebo ya "pale ale" (aina ya eli, bia ya asili ya Uingereza) ni chungu kama mwarobaini, zinanuka, na kwamba tunaletewa mizigo iliyowashinda wenyewe huko kwao. Nina miaka 17 nyuma ya kaunta hapa Arusha. Kuhusu harufu simbishii. Kuhusu uchungu, hapana.

Mimi ni Mchaga wa Kibosho na mama yangu alikuwa akipika mbege ya kuuza. Mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa msesewa. Gome lile ukililamba, uso wote unakunjamana, lakini bila hilo ndizi na ulezi vinakupa kinywaji kitamu kisicho na mshiko. Mama alikuwa anachota kidogo kwa kata, anaonja, anatulia, ndipo anasema kama msesewa umekaa au haujakaa. Kwa Waingereza, hopsi ndiyo msesewa wao: maua ya mmea unaotambaa, yanaipa bia uchungu na harufu, tena yanaizuia isiharibike upesi. Ndiyo maana walipokuwa wakisafirisha bia kwa merikebu hadi India, safari ya miezi, walizidisha hopsi. Mji wa Burton kando ya mto Trent ulipata jina kwa eli za namna hiyo kwa sababu maji yake yana jasi nyingi, na jasi huufanya uchungu uwe mkavu na safi. Kwa hiyo anayeinunua eli kisha akalalamika kwamba ni chungu, amelalamikia kile hasa kilichokusudiwa.

Sasa harufu. Jumatatu nilikwenda kwenye duka moja hapa mjini nikanunua chupa mbili za eli ileile ya Uingereza, chupa nyeupe, yaani ya kioo kisicho na rangi, tarehe moja. Ya kwanza niliitoa kwenye rafu ya dirishani, jua la mchana linaipiga. Ya pili nilimwomba kijana anitolee stoo, ndani ya katoni ambayo haijafunguliwa. Nyumbani nilizipooza sawasawa, nikazimimina kwenye glasi mbili safi.

Ile ya dirishani ilinuka kicheche. Aliyekulia kijijini hahitaji kuelezwa, ni ile harufu ya usiku kicheche akishapita karibu na banda la kuku. Mwanga ndio unaofanya hivyo. Ukipenya kwenye chupa unaugeuza ule uchungu wa hopsi na kuzaa harufu kali ya salfa. Chupa ya kahawia inakinga sana, ya kijani kidogo tu, nyeupe haikingi kitu.

Ya katoni ilikuwa bia nyingine kabisa. Rangi ya shaba, povu limetulia na kuacha duara kwenye glasi kila nilipopiga funda. Puani nilipata ganda la chungwa na majani makavu, mdomoni mkate uliobanikwa, kisha uchungu ukaja mwishoni, ukasafisha koo. Kasoro niliiona: nyuma yake kulikuwa na harufu hafifu ya boksi lililolowa. Hiyo ni dalili ya bia iliyozeekea kwenye joto, na kweli ilikuwa imebakiza wiki 5 kufikia tarehe ya mwisho. Naipa 7 kwa 10. Ingefika mapema na kukaa pa baridi, ningeipa 9.

Na sisi wa kaunta tuna kosa letu. Mteja akiagiza eli tunamtolea kwenye friji inayokaribia kugandisha, kama tunavyozoea kwa laga. Ikiwa baridi kiasi hicho, harufu yote inalala na kinachobaki ulimini ni uchungu mtupu. Itoe, iache mezani kama robo saa. Wazee wanaoagiza "ya moto" wananielewa hapa upesi kuliko vijana. Na imiminwe kwenye glasi, maana anayenywea chupani hanusi chochote.

Ninachowaomba waagizaji na wenye maduka ni kidogo. Bia ya chupa nyeupe ikae ndani ya katoni hadi inapouzwa, na tarehe ya kufungwa iandikwe mahali inaposomeka, siyo ile ya mwisho peke yake. Sh12,000 kwa chupa moja ni fedha nyingi kwa mtu wa kawaida, asiuziwe kicheche.

Yule kijana wa dukani aliniambia tajiri wake anazitaka dirishani kwa sababu zinang'aa. Nilirudi Alhamisi na zile chupa zangu mbili, nimeziosha, nikamwomba azipange pale hizo tupu na zenye bia azirudishe stoo. Amezipokea. Jumamosi nitapita tena kuangalia.

Mhudumu wa kaunta,
Arusha