Barua kwa binti yangu: kibao kinapogeuzwa

Mwanangu kipenzi,

Juzi ulipokata simu nilibaki nayo mkononi muda mrefu sana. Ulianza kuniambia umemuuliza mwenzio kwa nini alishika simu yako akasoma meseji bila ruhusa, swali moja tu, alafu dakika tano mbele nakusikia unasema "basi mama nimeshamuomba msamaha, yaishe". Msamaha wa nini sasa? Nikakuuliza na hukuwa na jibu, ukasema tu eti alilia, alisema tangu mwanzo humuamini, unamchukulia kama mwizi, na kwamba marafiki zako wamekuharibu akili. Ukamaliza kwa kumbembeleza. Na zile meseji? Hakuna aliyezitaja tena.

Hapo ndo nataka upaangalie mama, hiyo sekunde ulipoacha kuwa mwenye swali ukawa mwenye kosa.

Kuna mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa Jennifer Freyd, mwaka 1997 aliandika kuhusu watu waliofanya ukatili, hasa wa kingono, wanavyojitetea wakibanwa. Mtu kwanza anakana, alafu anakushambulia wewe uliyeuliza, alafu anabadilisha nafasi, yeye ndo mwonewa na we ndo mwonevu. Akaipa jina DARVO, kutokana na herufi za kwanza za hatua hizo kwa Kiingereza. Simwiti mwenzio mkatili, simjui kiasi hicho, ila njia aliyopita juzi ni hiyo hiyo na nisingekuwa mama yako kama ningenyamaza.

Miaka mingi kabla ya hapo, 1968, daktari mmoja wa magonjwa ya akili, Stephen Karpman, alichora pembetatu ya ugomvi. Kona moja yupo mwonevu, nyingine mwonewa, nyingine mwokozi. Mi nilikutana na huo mchoro ukubwani, nimeshachoka na maisha, na kilichonipiga kifuani ni kwamba watu hawakai kwenye kona zao, wanahama, na kila anayehama anawasukuma wengine nao wahame. Mfano mmoja aliotoa ni ile hadithi ya mpiga filimbi wa Hamelin, alikuja kuuondolea mji panya, wenye mji wakamdhulumu ujira wake, basi akawabeba watoto wao. Mtu yule yule, kona zote tatu.

Sasa nikuambie ninachokiogopa. Hiyo tabia ya kukimbilia kubembeleza na kujibebesha kosa hukuitoa kwa mwenzio, uliingia nayo. Ulijifunzia kwangu.

Ulikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nimekaa chini jikoni, nimegombana na baba yako, nalia, ukaja na glasi ya maji umeijaza mpaka juu, inamwagika vidole vyako vyote, ukanifuta uso kwa mkono wa sweta lako la shule. Na mimi badala ya kukuambia mama yuko sawa nenda kacheze, nikakumwagia yote, baba yako kasema hivi, baba yako kafanya vile. Mtoto wa miaka tisa! Ukatoka pale mbio ukaenda kumwambia baba yako "unamliza mama, we mbaya". Alivyokuja juu mi nikasimama nikakugeukia wewe, "usimjibu baba yako hivyo, huna adabu". Nakumbuka ulivyoniangalia, bado umeshika ile glasi. Ulikuja kama mwokozi ukaondoka mkosaji, na aliyekutuma ndo aliyekuhukumu. Jioni mi na baba yako tukaongea vizuri kabisa, na we ulilala bila kusema neno.

Haikuwa mara moja, na wewe unajua. Nisamehe mwanangu. Na usinijibu "hamna shida mama", maana shida ilikuwepo.

Ndo maana machozi ya mtu mzima yakikutokea mbele mwili wako unakimbia kabla akili haijafika. Kumsaidia mtu ni kitu kizuri, mi sitaki uwe na moyo mgumu, ila angalia, ukifanya ambacho hujaombwa, au ambacho hukitaki, au ukibeba wewe kazi yote na mwenyewe amekaa, hapo umeshaingia kwenye ile kona ya mwokozi, na baada ya muda utachoka utaanza kumfokea, alafu utajiona mbaya utaomba msamaha, na mzunguko unaanza upya.

Akilia tena muache alie. Kaa nae hata, mshike mkono ukitaka, alafu akitulia rudi kwenye swali lako kwa maneno machache, "naona umeumia, na bado naomba tuongee kuhusu simu yangu". Akikuletea ya marafiki mwambie hayo tutayaongea, tumalize hili kwanza. Usijieleze sana, ukianza kujieleza umeshakuwa mshtakiwa. Mtu mwenye nia njema hata akikasirika leo, kesho atarudi kwenye jambo lenyewe. Ikiwa kila ukiuliza lolote mwisho wake ni wewe kuomba msamaha, basi mama hilo ndo jibu lako.

Na hili nalisema kwa herufi kubwa kichwani mwangu, kama kuna kupigwa, kutishiwa, kufungiwa ndani, kunyang'anywa hela yako, hayo sio mambo ya pembetatu. Hapo kuna mtu anaumiza na mtu anaumizwa, na asitokee wa kukuambia "na wewe unacheza nafasi yako". Ondoka uje, saa yoyote, sitauliza swali mlangoni.

Kingine. Jumapili tukiongea nikianza kukulalamikia kuhusu baba yako, nikatishe. Sema tu "mama, mwambie mwenyewe". Naweza nikanyamaza kidogo, naweza hata nikasema umebadilika siku hizi. Usirudi nyuma na usikate simu, we kaa hapo hapo, nitapata kitu kingine cha kukuuliza.

Mama yako anayekupenda