Mwanangu, usiwafanyie wenzio kazi ya kundi

Kibaigwa

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku hatujambo. Soko limechangamka, malori ya Kiteto yanashusha mahindi toka alfajiri. Bibi yako anakusalimu, anauliza kama huko Chuo Kikuu cha Dodoma mnapikiwa mlenda.

Nimeyawaza uliyoniambia kwenye simu, kwamba kazi ya kundi umeamua kuifanya peke yako, majina ya wenzio utayaandika tu kwa kuwa wanakuchelewesha. Alama mtapata, sina shaka. Kichwa unacho tangu darasa la kwanza. Ila mimi sijapenda.

Mwaka 2016, ulipokuwa bado shule ya msingi, watu walikufa huku Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Unayesomea udaktari ni wewe, unaijua kuliko mimi: sumu ya ukungu wa mahindi na karanga zisizokauka vizuri, inayoharibu ini, na hata ugali uive vipi haitoki. Wataalamu wakaanza kuja sokoni kutuelimisha. Mmoja alisimama kando ya gari akasoma kwenye karatasi kwamba unyevu usizidi asilimia 13.5. Mzee mmoja akauliza, sasa sisi tusio na kipimo tutajuaje? Akajibiwa, "Hilo nimeshalieleza." Wapagazi wakarudi kwenye magunia yao, madalali wakarudi kwenye simu. Na aliyoyasema yalikuwa kweli tupu!

Baadaye akaja binti mmoja. Akawaamkia wazee shikamoo, kisha akajaribu na "mbukwa", salamu ya Kigogo, kwa lafudhi ya ugenini, watu wakacheka, naye akacheka. Akaketi juu ya gunia, akamuuliza bibi mmoja huwa anaanikaje mahindi yake. Bibi akasema, chini kwenye udongo, kama mama yake alivyoanika. Hakumkemea. Akaomba chupa ya soda iliyo kavu, akatia punje za yule bibi na chumvi kavu, akampa atikise mwenyewe. Chumvi ikaganda kwenye kioo. "Bibi, haya bado yana maji. Yakikauka, chumvi haigandi." Jioni ile muuza maturubai alifunga mapema, mzigo ulikwisha.

Sisemi kusoma hakuna maana. Yule binti asingesoma angekuja kutuambia nini? Wala sisemi umchekee kila mtu. Wachekaji tunao tele hapa sokoni, na wengine nawadai. Nasema kumsikiliza mtu ni kazi, mama, na hujifunzi kwa kuisoma, unajifunza kwa hao hao wanaokuudhi. Kesho utakutana na mgonjwa aliyepitia kwa mganga na anakuficha. Utakutana na muuguzi aliyezeekea wodini, anajua jambo usilolijua, na hatakwambia kama umempita bila salamu. Hao utawafanyia kazi yao uandike majina?

Kwa hiyo waite tena mkae. Kabla hujagawa kazi, muulize kila mmoja anaweza nini. Yule unayesema hajui kitu huenda ndiye anayeweza kusimama mbele ya darasa akazungumza bila kutetemeka, maana wewe hapo najua unapata shida. Na yule kijana asiyeonekana vikaoni mtafute, umuulize ana nini, kabla hujampeleka kwa mhadhiri. Pengine mkopo wake haujaingia na anahangaika na chakula. Akikujibu kwa jeuri, mwambie wazi, bila matusi, kwamba jina lake halitaandikwa. Na lisiandikwe kweli.

Nimempa kondakta wa basi la mchana kifurushi cha karanga, kipokee stendi. Nimezichambua mwenyewe, zilizooza nimetupa zote, daktari usianze kunikagua. Zipeleke kwenye hicho kikao.

Mama yako