Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mafua ya Ndege na Soko Letu la Kuku

Ndugu wanachama, wachinjaji, akina mama wa utumbo na firigisi, na vijana wetu wa kushusha matenga,

Hesabu za mwaka atazisoma mhazini. Mimi nitazungumzia jambo moja, lile lililotugombanisha tangu Machi: wataalamu wa mifugo wanaokuja na vijiti vya pamba kupima mafua makali ya ndege.

Wengi mlidhani wametumwa na watu wa kodi. Nawaelewa. Mtu akija na glavu na makaratasi, akaanza kuuliza kuku umewatoa wapi, Singida au Dodoma, na umekaa nao siku ngapi, lazima ushtuke. Kamati ikaomba wafanye kazi yao mbele ya macho yetu, na safari ya pili wakafanya hivyo. Kijiti kimoja kooni, kingine njia ya haja, vyote ndani ya kichupa chenye majimaji yao, kichupa ndani ya boksi la barafu. Kuku anarudi tengani mzima. Wakapangusa pia gogo la kuchinjia, vyombo vya maji na mashine ya kunyonyolea. Hiyo mashine, nakiri, sikuwahi kuifikiria, na kuku wa vizimba vyote hupita humo humo.

Kwa nini waje sokoni wasiende kijijini? Kuku aliyeshuka usiku kutoka Singida analala ubavuni mwa bata wa mtu mwingine na kware wa mtu wa tatu. Asiyeuzika leo anabaki kuwapokea wageni wa kesho. Hong Kong walilijua hilo mwaka 1997, watu 18 walipougua na 6 wakafa, na serikali ikachinja kuku zaidi ya milioni moja. Baadaye wakaweka siku ya mapumziko kila mwezi, soko linabaki tupu na kuoshwa, na tangu 2008 kuku hai haruhusiwi kulala sokoni. Anayeona hayo ni ya mbali akumbuke Januari 2017: Uganda waliokota ndege wa porini waliokufa ufukweni Entebbe, kisha ugonjwa ukaonekana kwa bata na kuku wa kufugwa Masaka. Ziwa Victoria tunachangia, na ndege hapiti forodhani.

Sasa la aibu. Asubuhi moja mwezi Juni lilifika lori la alfajiri, na kwenye tenga moja kuku 8 wamekufa. Waliobaki walikuwa wamevimba nyuso, upanga wa kichwani umegeuka zambarau. Mwenye mali akasema ni mdondo tu, ule ugonjwa wa kuku tuliouzoea, msimu wake huu. Nilipofika, mizoga ilikuwa pipani na wagonjwa walishachinjwa na kupelekwa kwa wauza chipsi. Huenda ulikuwa mdondo kweli. Magonjwa haya mawili hata daktari hawezi kuyatenganisha kwa macho. Lakini sisi hatutajua kamwe, maana wataalamu tuliwapa kuku wazima na wagonjwa tukawaficha. Mwanachama yule sitamnyooshea kidole. Mwaka nilioanza biashara nami niliwahi kuwamaliza wa kwangu saa kumi usiku, kabla jirani hajaamka.

Wala tusigeukie upande wa pili tukasema wapimwe wagonjwa peke yao. Masoko ya kuku hai ya Shanghai yalifungwa Aprili 2013 kwa sababu ya H7N9, kirusi kingine cha mafua ya ndege, ambacho wakati huo kuku alikibeba akiwa anakula na kuwika kama kawaida.

Wateja wakiuliza, waambieni nyama iliyoiva sawasawa haina neno. Hatari ni kwetu, tunaochinja, kunyonyoa na kufagia vumbi la kinyesi. Glavu zipo ofisini, na barakoa pia, japo wachinjaji wanazitundika shingoni kama mkufu.

Yaliyofanyika ni haya. Bata na kware wamehamia upande wa ukutani. Jumatatu ya mwisho wa mwezi ni siku ya kuosha soko. Mara ya kwanza maji yalikatika na tukabaki na mafagio mikononi, mara zilizofuata tulijaza mapipa tangu Jumapili. Majibu ya vipimo vya safari ya kwanza hatujayaona hadi leo. Tumeandika barua mbili, ya tatu nitaipeleka kwa mkono, kwa sababu siwezi kumwomba mtu atoe kuku wake wapimwe halafu nisiwe na cha kumwambia.

Limebaki la fidia. Hakuna atakayeripoti tenga la mizoga ikiwa hasara inabaki kwake peke yake. Kamati inapendekeza shilingi 200 kwa kila tenga linaloshushwa, ziingie mfuko wa kumfidia anayetoa taarifa kabla hajatupa wala kuchinja. Anayeficha hapati kitu. Najua wenye matenga mengi mnanung'unika, nimewasikia tangu jana kwenye kahawa. Mtasema yenu mhazini akimaliza, kisha tutapiga kura kwa kunyoosha mikono.